UMEULIZA, TUMEJIBU: Kamera za porini na mikono ya watu

Barua za safari hii kutoka Lindi na Mtwara zinazungumzia kitu kimoja: zile kamera zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe kila kiumbe chenye joto kinapopita. Kuna wanaozifunga, wanaozikuta njiani, na mmoja anataka kununua ya kwanza. Barua tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Nipo kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, wilaya ya Liwale. Tunaweka kamera kwenye njia za wanyama na kwenye chambo ili kujua simba na chui waliopo kabla wageni hawajafika. Tunazifunga kwa mkanda wake wa kitambaa, nazo zinaibwa. Meneja anataka tununue kufuli. Kufuli gani linafaa? (Msomaji, Liwale)

Marahaba. Kufuli tutalifikia, ila lisiwe la kwanza kununuliwa. Mkanda wa kitambaa unakatwa kwa kisu cha kumenyea mihogo. Na kufuli likifungwa kwenye kamera isiyo na sanduku, linashika kisikio cha plastiki. Mwizi akivuta kwa nguvu, kisikio kinakatika, kufuli linabaki mtini na kamera inaondoka.

Anzeni na jinsi mnavyoifikia. Mwizi wa kamera kwa kawaida haitafuti, anafuata alama zenu. Kiangazi ardhi ya huko ni mchanga na majani makavu, kwa hiyo watu wawili wakipita pale pale kila wiki kubadilisha kadi wanaacha njia ambayo hata mgeni ataifuata. Pikipiki ndiyo mbaya zaidi, kwani tairi linaishia kwenye mti wenyewe. Iacheni mita 200 au 300 mbali, ingieni kila mara kwa upande tofauti, na punguzeni safari. Betri nzuri na kadi ya GB 32 vinatosha kukaa wiki kadhaa kama kamera haishtuliwi na majani. Majani yakiwa mbele yake, upepo na jua la mchana vinaifanya ipige picha za bure na kadi inajaa. Hapo ndipo watu wanachukua panga na kufyeka, na kosa la pili linazaliwa: matawi yaliyokatwa yanaonyesha ule weupe wa ndani, na weupe huo unaonekana toka mbali kuliko kamera. Ng'oeni nyasi kwa mkono. Tawi likibidi kukatwa, pakeni udongo kwenye kidonda na mlitupe mbali.

Usiku kuna alama nyingine. Kamera nyingi za bei nafuu zina taa za infraredi za nanomita 850, na ukiitazama uso kwa uso inapopiga picha unaona vidoa vyekundu. Anayetembea porini saa nane usiku huwa ana sababu ya kutotaka kupigwa picha, na akiviona atakuja na rungu. Za nanomita 940 jicho la mtu halizioni. Hasara yake ni kwamba mwanga wake haufiki mbali kama wa 850, hivyo kamera isogezwe karibu na njia. Zimeni pia kile kitaa kidogo cha majaribio. Kuna kamera ambazo kinaendelea kuwaka mpaka ukizime kwenye menyu.

Sasa chuma. Fundi wa kuchomelea wa hapo mjini anaweza kutengeneza sanduku la bati la milimita 2. Mpelekeeni kamera yenyewe, asifanye kwa picha ya simu. Nafasi kuzunguka kamera iwe milimita 3 hadi 5, mlango uwe mbele, bawaba zikae ndani. Mgongoni yatobolewe matundu manne ya milimita 11, na chini mawili ya milimita 6 ya kutolea maji.

Matundu ya mbele ndiyo yanayoharibiwa na mafundi wengi. Tundu la lenzi haliwi tatizo, shida iko kwenye kihisi cha joto, kile kidirisha cheupe kilichopinda. Kinaona upana mkubwa kulia na kushoto, kwa hiyo tundu lake likibana, kamera inakuwa kama imevaa miwani ya farasi: mnyama anafika katikati kabisa ndipo inashtuka, na picha inayotoka ni ya mkia. Lipanueni pembeni na kingo zisagwe kwa mshazari. Asitokee mtu akaweka kioo au plastiki ngumu mbele yake "kuzuia vumbi", kwa sababu joto la mwili halipenyi kioo cha kawaida, na kamera itakaa miezi bila picha hata moja huku betri zimejaa. Ndani pakeni rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo mwanga wa usiku utagonga kingo na picha zitakuwa na ukungu mweupe.

Sanduku tupu linafungwa mtini kwanza. Tumieni skrubu nne za mbao zenye kichwa cha spana, unene milimita 10, urefu 80 hadi 100, zikipigwa kutoka ndani ya sanduku, ili mlango ukishafungwa vichwa visifikiwe. Toboeni kwanza kwa keke ya milimita 7 na mpake uzi wa skrubu sabuni ya kipande. Mti wa miombo ni mgumu, ukilazimisha bila tundu skrubu inakatika shingo. Msizikaze hadi mwisho kama sanduku litakaa zaidi ya mwaka. Mti unanenepa, utalikunja.

Mti uwe na kipenyo cha sentimita 40 au zaidi, maana mwembamba unaangushwa kwa shoka. Mtondoro unafaa. Mbuyu mzuri kwa macho lakini nyama yake ni laini, skrubu haishiki, na tembo wanapenda kuuchuna. Mpingo, mninga na mkongo msiziguse: chuma ndani ya gogo la mbao za thamani ni hasara kwa mwenye msitu, na mkikutwa mnatoboa mpingo wa kijiji, kesi ya kamera mtaisahau. Mti mkavu nao hapana, kwani moto wa Agosti unaondoka nao. Kwa ajili ya moto huo huo, ng'oeni nyasi na kuondoa majani makavu mita 2 kuzunguka shina. Sanduku linazuia mikono, halizuii joto.

Ndipo kufuli. Saizi haina maana kubwa kama upinde wake unafikiwa na mkasi wa kukatia vyuma. Mwambieni fundi achomelee kipande cha bomba la chuma kulizunguka, ufunguo uingilie kwa chini tu. Nunueni kufuli zinazofunguka kwa ufunguo mmoja, maana kumi zenye funguo kumi zitawafanya muache moja wazi. Ndani msiweke oili, inashika vumbi. Unga wa penseli unatosha. Waya wa chuma wa milimita 8 au 10 unaojikaza kwenye kufuli yake upite nyuma ya sanduku na juu ya panda ya tawi. Hauzuii mwenye vifaa, lakini aliyepita na panga tu ataachana nao.

Na kuhusu chambo: mtu anayefuata nyama ya chambo atafika kwenye kamera hata mfiche vipi. Pale tumieni sanduku bila mjadala. Kwa sababu simba dume anayetakiwa ni wa miaka 6 kwenda juu, mnahitaji picha ya ubavu inayoonyesha manyoya ya shingo na pua. Lenzi iwe kimo cha sentimita 80 hadi 100, na msije mkaipandisha juu ya mti kwa kuogopa wezi halafu mkabaki na picha za migongo.

Hapo kwenye kupandisha ndipo nauliza. Nimesikia kamera ikiwekwa mita 3 juu haiibiwi. Kweli? (Msomaji, Nanyumbu)

Inaibiwa kwa nadra, kwa sababu watu wanatembea wakitazama mbele na chini. Lakini kuna bei. Ukiilaza nyuzi 30 kutazama chini, katikati ya picha inaangukia kama mita 5 kutoka shinani, na zaidi ya mita 7 au 8 kihisi hakiaminiki tena. Wanyama wadogo kama ngawa watapita bila kupigwa. Kwa nyati, pofu, pala hala na hesabu ya watu wanaoingia, inatosha.

Namna ya kuilaza: sanduku la urefu wa sentimita 20, upande wa juu uachane na mti sentimita 10 kwa kabari ya mbao, upande wa chini uguse. Isitazame njia kwa urefu wake. Iweke pembeni, mnyama akate mbele yake, kwani kihisi kinashtuka haraka kwa kinachovuka kuliko kinachokuja moja kwa moja. Kuanzia Juni hadi Septemba ielekee kusini, maana miezi hiyo jua letu linapita upande wa kaskazini, na kamera inayotazama jua inapiga picha nyeupe na lenzi yake inameta.

Ngazi mwondoke nayo. Msipigilie vigingi vya kupandia, mtakuwa mmemjengea mwizi.

Habari zenu wahariri. Sisi ni kikundi cha akina mama wafuga nyuki, Kilwa. Msitu wetu wa kijiji unapakana na eneo la uwindaji. Tumekuta kamera kwenye njia ya kwenda mizingani, njia tunayopita pia kuokota uyoga na kujisaidia. Kijana mmoja anasema tuivunje. Tuna haki gani? (Wasomaji, Kilwa)

Nzuri, mama zetu. Msiivunje wala msiihamishe, itageuka kuwa kesi ya wizi au uharibifu wa mali na haki yenu itapotea humo. Ipigeni picha ilipo, pamoja na mti na alama yoyote ya mwenyewe iliyobandikwa, kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Swali la kwanza la kumuuliza mwenyewe: eneo hili ni la nani? Kama kamera iko ndani ya msitu wa kijiji, aliyeiweka alitakiwa kupata kibali cha serikali ya kijiji. Kama iko upande wa kitalu cha uwindaji, bado ana wajibu kwenu.

Wajibu huo una sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni taarifa yake. Anayezikusanya anatakiwa asajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazikusanya kwa lengo gani, asizitumie kwa lengo jingine, na azitunze zisivuje. Picha ya mama akiwa amechutama msituni kuzungushwa kwenye simu za kambi ni kosa, hata kama kamera iliwekwa kwa ajili ya chui. Mna haki ya kudai ihamishwe kutoka kwenye njia ya watu, na picha zenu zifutwe.

Neno kwa wenye kamera wanaosoma hapa, kwa sababu barua hii ni dawa kuliko makufuli yote ya juu. Anayeing'oa kamera mara nyingi haimfai kitu: haina laini, haichezi muziki, haiuziki kirahisi. Anaiondoa kwa sababu anaogopa. Mrina asali bila kibali, mpasua mbao, mwenye ng'ombe waliovuka mpaka, na mama aliyekwenda kuokota uyoga tu, wote wanaiona kama jicho la askari. Wale watatu wa mwanzo hamtawatuliza. Huyu wa nne mnaweza, na ndiye mwenye watoto wanaozunguka huko kila siku.

Nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kamera mkononi. Ifungueni, watu wapite mbele yake, waonyesheni picha zao, zifuteni hapo hapo. Semeni picha za watu zitafutwa na nani na baada ya siku ngapi. Bandikeni kwenye sanduku kibao cha Kiswahili: ni kamera ya wanyama, ya nani, namba ya simu, na kwamba haiwaki bila namba ya siri. Hilo la mwisho liwe kweli. Kamera nyingi zina sehemu ya kuweka namba ya siri kwenye menyu, lakini mwizi hawezi kujua kabla ya kuiba kama hamkumwambia.

Kuna kampuni na watafiti wanaolipa zawadi kwa atakayerudisha kamera "iliyookotwa". Tunaona ni njia mbaya. Ndani ya msimu mmoja kamera zitaanza kuokotwa kwa wingi. Heri fedha hiyo ilipwe kwa kamati au kwa askari wa wanyamapori wa kijiji kwa kila kamera iliyobaki salama mwisho wa mwezi. Kwenye maeneo ya jumuiya za hifadhi kama MAGINGO hapo Liwale, tayari kuna askari wa vijiji wanaofanya doria, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzisha kikosi kipya.

Kwetu hawaibi kamera, wanaiba betri tu. Tufanyeje? (Msomaji, Nachingwea)

Kwa sababu ni zile zile za tochi na redio. Sanduku lenye mlango ndilo jibu, maana mlango wa betri unakuwa ndani. Kama hamna sanduku, tumieni za kuchaji, mzipake rangi ya mafuta nyekundu ubavuni: bila chaja zinaisha, na zikionekana kijiweni zinajulikana ni za nani. Kumbukeni tu kwamba ya kuchaji ina volti 1.2 badala ya 1.5. Nane zikifuatana zinatoa 9.6, si 12, na kamera nyingine hapo zinafifia usiku au zinaonyesha betri imeisha mapema. Jaribuni moja kabla ya kununua za zote. Paneli ya sola msiiweke kama wizi ndio shida yenu. Inang'aa.

Kamera yangu imekutwa chini, imepasuka, kadi ipo. Ni mwizi gani anaacha kadi? (Msomaji, Liwale)

Mwenye mkonga au mwenye meno. Tazama mkanda: ukiwa umekatwa wima na safi, ni kisu, ukiwa umenyumbuka na kufumuka, umevutwa. Fisi anaacha matundu ya meno kwenye plastiki na mate yaliyokauka yenye vumbi. Tembo anaing'oa pamoja na ganda la mti, na kadi ikisomeka utakuta picha ya mwisho ni ya kijivu tupu, ngozi iliyojaa fremu nzima. Nyani wanazungusha kamera, hawaiondoi.

Wanavutwa na harufu. Usishike kamera baada ya kula nyama au kujipaka mafuta, na safisha jasho kwa kitambaa chenye maji. Wako wanaochomelea misumari ikitazama nje. Tembo akijichoma machoni au mkongani umefanya kazi ya jangili, acha kabisa. Sanduku la milimita 2 lenye skrubu nne linamvumilia fisi, na tembo mwenye udadisi wa kawaida.

Wala usisahau mchwa. Wakipanda shina hufunika lenzi kwa udongo ndani ya siku chache, na mwenye kamera anadhani imezimika. Sisimizi nao hutaga ndani kwenye joto la betri. Ziba matundu yote yasiyo ya lazima, isipokuwa ya maji.

Kamera ya laini ya simu inasaidia? Na ikishaibiwa nianzie wapi? (Msomaji, Masasi)

Inasaidia pale mtandao unapofika, basi. Pima kwa simu ya kawaida ukiwa umesimama kwenye mti ule ule, na hakikisha kamera inaendana na mtandao uliopo, kwani iliyotengenezewa 4G pekee haitafanya kazi penye 2G. Faida yake kubwa ni kwamba picha inaondoka kabla ya kamera kuondoka. Njia bora ni kuzitumia mbili: ya kawaida kimo cha kiuno kwenye njia, na ya laini mita 3 juu, mita 6 nyuma yake, ikiitazama ile ya kwanza. Anayeivunja ya chini anapigwa picha akiwa anaifanyia kazi.

Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, kwa hiyo ikiibiwa ifunge siku hiyo hiyo. Kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ukiwa na namba ya kamera na risiti. Namba iko ndani ya mlango au chini ya betri. Ipige picha siku unayonunua, kwa sababu baada ya wizi huna pa kuisoma. Kwangua pia jina lako kwa msumari wa moto ndani ya mlango. Picha ya mtuhumiwa ipeleke polisi, usiiweke kwenye makundi ya simu: ukikosea mtu umemharibia jina, na ile sheria tuliyoitaja kwa akina mama wa Kilwa itakuangukia wewe.

Mimi si mwindaji. Nina mikorosho Newala, naibiwa korosho za chini na nguruwe pori wananisumbua kwenye mihogo. Kamera moja inanitosha? (Msomaji, Newala)

Inatosha kuanzia. Usiiweke katikati ya shamba. Iweke kwenye mlango: pale kichochoro kinapoingilia, au kwenye tundu la ua ambalo nguruwe wamelizoea, ukitazama kwato zao kwenye mchanga. Mkorosho una matawi ya chini na kivuli kizito, unaficha vizuri, ila majani yake yataishtua kamera kama hukuyafunga kwa kamba nyuma.

Tatizo lako la pekee ni salfa. Kuanzia Mei na Juni watu wanapopuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi lake linakaa kwenye lenzi na kihisi, na likilowa umande linakula vyuma vya kushikia betri vikawa vyeusi. Siku za kupuliza, zako na za jirani yako, itoe kabisa, maana upepo hauna mpaka wa shamba. Ukichelewa, puliza vumbi kwanza kwa pampu ya baiskeli, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye maji. Ukianza na kitambaa kikavu utakwaruza lenzi. Vyuma vya betri visugue kwa kifutio cha penseli hadi ving'ae, kisha uirudishe mtini Septemba, korosho zinapoanza kudondoka.